Nywele Nilizozipeleka Mtoni

Mwezi uliopita nilimsuka Bi Tatu wa Masuguru njia sita, na alipopewa kioo akaniuliza kwa adabu kama njia ya nne ilikuwa imelewa. Nilicheka, lakini nilijua. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunji tena, na jicho la kushoto limeanza kuona nywele mbili penye moja. Chanuo nimempa Mwajuma, wembe nimempa Zuhura. Ninyi wanafunzi wangu wengine mnaokaa barazani kwangu mkivitazama vigoda, vigoda hivyo ni vya marehemu mume wangu na haviendi popote.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Sitaandika nililipwa nini. Anayetaka kujua na aje siku ya mvua, akae chini ya paa langu. Naandika kwa herufi alizonifundisha baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kijijini kwetu upande wa Handeni. Mkiona makosa mlaumuni yeye. Ameshatangulia, hatajibu.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, Bi Mwamvita, nikiwa sijavunja ungo, na Wadachi walikuwa hawajaonekana kwetu. Msimu mzima hakuniruhusu kugusa kichwa cha mtu. Nilisuka ndevu za mahindi. Alikuwa akiniletea mahindi mabichi, naketi nayo mapajani, nasuka, yeye anakuja anafumua, nasuka tena. Mahindi yenyewe yalichomwa yakaliwa na wengine. Siku aliponipa kichwa cha kwanza alinipa chake, akaketi chini mbele yangu akaegemea magoti yangu kama mteja yeyote.

"Shangazi, unaumia?" nilimuuliza.

"Naumia. Endelea."

Nilipomaliza aliinuka, akajitazama katika maji ya mtungi. Kisha akasema, "Umejitahidi, Zaina. Tatizo ni kwamba sasa siwezi kufumba macho." Alizifumua mwenyewe alasiri ile ile, na kesho yake akaketi tena mbele yangu. Sijapata kuona mapenzi makubwa kuliko hayo, mtu kukupa kichwa kile kile ulichokitesa jana.

Alikuwa na taratibu zake, na mimi nimewafundisha ninyi hizo hizo, ingawa najua baadhi yenu mnazikata mkidhani sioni. Mikono inanawishwa mbele ya mwenye kichwa, akiona. Njia inatenganishwa kwa mwiba wa nungunungu, si kwa kucha. Mafuta ya nyonyo hupashwa moto kidogo kwanza, maana ya baridi hulala juu ya ngozi na kunuka siku tatu. Na nywele zinazodondoka ni za mwenyewe. Unazikusanya zote mkekani, unazifunga katika jani, unampa mkononi, naye anakwenda kuzifukia nyuma ya nyumba yake. Shangazi alikuwa akipiga magoti kutafuta unywele mmoja, na mteja amesimama mlangoni anangoja, wala hakuna aliyemwona mjinga.

Kunyoa ni kazi ya pili, na ndiyo nzito. Kwetu mwanamke hanyolewi kichwa chote ila kwa kilio. Mgonjwa wa homa, mwenye vidonda vya kichwa, huyo huachiwa denge, lile shungi dogo la duara utosini, ili anayekutana naye njiani ajue kwamba nyumbani kwake hakufa mtu. Wa kilio hunyolewa kuanzia usoni kurudi kisogoni, pasibaki kitu. Mama wa marehemu hutangulia, mke hufuata, kisha dada na wengine. Na nywele za kilio mwenyewe hazigusi tena. Mnyoaji huzifunga, huzipeleka mtoni, huziachia maji, na kuondoka bila kugeuka nyuma. Ukikutana naye njiani unatua mzigo wako na kusema, "Poleni," naye kwa niaba ya wafiwa anajibu, "Tumepoa."

Mwaka wa njaa, nzige walipomaliza kila kitu, nilikuwa msichana mkubwa na shangazi hakuweza kazi ile peke yake. Nilikwenda mtoni mara nyingi hata nyasi za njiani zikalala. Nikisema mkono wangu ulizoea, ulizoea mwaka ule. Sitaandika zaidi.

Niliolewa na Athumani, mfanyabiashara wa tumbaku na chumvi, akanihamishia Korogwe, mtaa wa Masuguru. Gari la moshi lilipofika, mji ukajaa watu nami nikajaa vichwa. Walikuja Wanyamwezi waliofuata waume zao mashambani, wanawake wa Pangani waliotaka kila kitu kiwe kama cha Pangani, na wasichana Wakristo kutoka Vugiri walioteremka na viazi na kabichi. Hao wasichana waliniamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo," wakaketi wawili wawili, na kila mmoja akataka njia chache nyembamba zisizoonekana chini ya kitambaa, kwa sababu mama mwalimu wao hakupenda mapambo. Nilizisuka zisionekane. Walipofika kona ya kwanza walivua vitambaa.

Siku moja mke wa Mdachi mmoja alisimama barazani kwangu na mtumishi wake. Alitazama muda mrefu, kisha akamwambia mtumishi aniulize kama nywele zile huvuliwa wakati wa kulala. Nilimjibu hapana, nikamuuliza yeye zake. Mtumishi hakutafsiri.

Mume wangu aliniletea wembe wa Kidachi kutoka Tanga. Ule wa zamani, aliofua mhunzi wa kwetu, ulikuwa unahitaji maji mengi na subira, na kabla hujamaliza nusu ya kichwa wewe ulikuwa umepata nafasi ya kufikiri. Huu wa Kidachi ulikata mara moja. Niliusifu sana wakati ule.

Sasa nafika kwa Mwanaidi, na naomba msome polepole hapa, kwa sababu wengi wenu mmeisikia habari hii sokoni na sokoni huwa wanaiweka sawa.

Mwanaidi alikuwa jirani yangu Masuguru, Mzigua kama mimi, mwanamke mrefu mwenye nywele nzito zilizoshika msuko hadi wiki tatu. Mume wake, Sefu, alichukua mzigo katika safari ya Wazungu kwenda bara, akamwambia atarudi kabla ya masika. Masika ilikuja ikapita, na nyingine ikaja ikapita. Wenzake wawili walirudi. Mmoja alisema alimwacha Sefu anaumwa mahali ambapo jina lake hakulikumbuka, mwingine alisema hakumwona tangu walipovuka mto fulani. Hakuna aliyemwona amekufa.

Mdogo wake Sefu, Semboja, alikuwa huko Handeni akilima shamba la kaka yake pamoja na lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Kwa desturi, kaka akifa mdogo humrithi mjane, na Semboja alikuwa ameshaanza kutengeneza chumba. Alituma ujumbe mara tatu kwamba kilio kikae, Mwanaidi anyolewe, eda ihesabiwe, mambo yaishe. Mwanaidi alirudisha jibu lile lile kila mara, kwamba yeye ana mume.

Alipata riziki yake katika shamba la mkonge nje ya mji, akipalilia na kuanika katani, na kila Ijumaa ya pili alikuja kwangu. "Nisuke vizuri, Bi Zaina," alikuwa akiniambia. "Nikimpokea nimechakaa atasema nilimzika." Alisema akicheka. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso, lakini mnajua kwamba mtu akicheka kweli kichwa hutikisika mkononi mwako. Cha kwake kilikuwa kimetulia.

Mwaka ule kambi ya shamba iliingiliwa na chawa. Bwana mganga, daktari wa Kidachi, alikuja, akatazama, akaamuru watu wote wanyolewe, wanaume kwa wanawake. Wanaume walinyolewa asubuhi moja wakarudi kazini. Wanawake wa Kizigua waligoma. Kunyolewa bila kufiwa ni kumwita mfu, walisema, tena hawawezi kushikwa kichwa na kinyozi mwanamume. Mnyapara alikuja kwangu akiwa amevua kofia. Nilimwambia nitanyoa, lakini kila mwanamke abaki na denge, ili ijulikane ni maradhi, si msiba. Akakubali. Nilikwenda nikawaeleza, wakakubali pia, nami nikarudi nyumbani jioni najiona mtu wa maana. Nilikuwa nimenyoa wanawake arobaini na kila mmoja ana denge lake, zuri, la duara.

Kesho yake bwana mganga alikagua, akakuta chawa ndani ya madenge. Bila shaka. Walikuwa wamehamia huko wote. Akaamuru yaondolewe, nikaitwa tena na wembe wangu.

Waliobaki bila denge walilia kidogo, wakatazamana, wakaona wako wengi na wote wako sawa, na wengine wakaanza kuchekana vichwa. Mwanaidi hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amejificha penye kamba za kuanikia katani tangu jana, hajanyolewa kabisa, na mnyapara ndiye aliyemleta, si kwa kumvuta, alitembea mbele yake tu.

"Mwanaidi, mimi naambiwa nami nasema," mnyapara alimwambia. "Asiyenyolewa leo, kesho asionekane shambani."

Mwanaidi alinigeukia. "Bi Zaina, ukininyoa yote, shemeji atasema kilio kimekaa."

"Niachie huyu mmoja tu denge," nilimwambia mnyapara.

Alitazama chini. "Bwana mganga anarudi jioni."

Nimefikiri miaka mingi juu ya maneno niliyosema baadaye. Ningeweza kufunga kikapu changu nikaondoka. Lakini nilimwangalia Mwanaidi, nikaona shamba la Handeni liko mikononi mwa Semboja, posho ya huyu inatoka hapa, na nikasema, "Mwanangu, nywele huota. Korogwe nzima inajua amri hii. Mimi mwenyewe nitakuwa shahidi wako."

Alikaa. Nilianzia usoni, kwa sababu mkono wangu haujui kuanzia pengine kwa kichwa kizima, na wembe wa Kidachi ukafanya kazi yake mara moja. Nywele zile nzito zilianguka kwenye kaniki yangu zikiwa bado na msuko wa Ijumaa.

Nywele zote za kambi zilikuwa zinachomwa kwenye shimo, na ilikatazwa kutoka nazo. Nilishindwa kuona za Mwanaidi zikiingia motoni. Nilizifunika, nikazifunga kwenye pindo la nguo, nikatoka nazo getini nikijisemea kwamba nitampa mwenyewe nyumbani, azifukie kama ilivyo haki yake. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na Mungu ananiona.

Njia ya kutoka shambani hupita karibu na mto. Nilikuwa nimenyoa kichwa kizima kuanzia usoni, nimebeba nywele zake, nina huzuni, na miguu yangu ilikuwa imekwenda safari hiyo mara nyingi mno. Ilikata kushoto. Nilifika ukingoni, nikafungua pindo, nikaziachia maji, nikaondoka bila kugeuka. Wanawake wawili walikuwa wanapanda kutoka kuteka maji. Walitua mitungi, wakainamisha vichwa.

"Poleni," walisema.

"Tumepoa," nilijibu.

Nilitembea hatua kama ishirini kabla sijasikia nilichosema. Nilikaa chini pale pale njiani. Nilikuwa nimefanya kilio cha Sefu peke yangu, bila kuombwa na mtu, kuanzia wembe mpaka neno la mwisho.

Sikumwambia Mwanaidi. Niandike tena ili msome vizuri: sikumwambia. Niliona haya, na niliogopa, na kila siku niliyongoja ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi. Nilimpelekea uji, nikamsifu kwamba kichwa chake kina umbo zuri. Nywele zake zilikuwa hazijafika urefu wa punje ya mchele habari ilipofika Handeni.

Semboja alikuja na wazee watatu na mama yake, wakamshitaki Mwanaidi kwa akida. Watu walijaa mpaka nje ya baraza. Akida alikaa kitini na karani wake, wazee kwenye mkeka, na mama yake Sefu, Bi Mwanamvua, alikaa kando amejifunika kaniki mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Handeni na hakuna aliyemsikia akisema neno. Mimi niliitwa kama mnyoaji. Mwanaidi aliponiona alitulia usoni, kwa sababu shahidi wake alikuwa amefika.

"Shemeji amenyolewa," Semboja alianza. "Kilio kimekaa. Naomba eda yake ihesabiwe, ikiisha aje nyumbani kwake, nimtunze kama desturi."

"Nilinyolewa kwa amri ya chawa," Mwanaidi alijibu. "Tulikuwa wengi. Waulizeni wote arobaini, kila mmoja ana mume wake nyumbani."

"Za wale arobaini zilichomwa shimoni, nimeuliza," Semboja alisema. "Za kwako zilipelekwa mtoni na mnyoaji, na waliomwona walitoa pole, naye akazipokea. Wako hapa."

Wale wanawake wawili walisimama, wakasema ni kweli. Hawakuwa na kosa lolote. Mwanaidi aligeuka akanitazama, na hapo ndipo alipojua. Nimekatwa na wembe, nimezaa watoto watano, nimemzika mume. Sitaki kutazamwa vile tena.

Akida aliniuliza kama nilifanya hivyo. Nikisema nilikusudia, Mwanaidi ni mjane. Nikikana, nawafanya wale wawili waongo. Nikisema nilikosea, nani tena atanipa kichwa chake, mnyoaji anayepeleka mtoni nywele za mke wa mtu aliye hai? Nilitamani baraza lile liniangukie.

"Nilikosea, bwana akida," nilisema. "Mkono wangu ulikosea, na mdomo wangu ukakosea, na baadaye nikaogopa kumwambia mwenye nywele. Hakuna aliyeniambia Sefu amekufa."

Watu waliguna. Mmoja wa wazee alisema hajapata kusikia jambo kama hilo tangu azaliwe, na nilimwamini.

"Amekosea au hakukosea, nywele zimeshakwenda," Semboja alisema. "Atazirudisha?"

Hapo nikakumbuka kwamba bado mimi ni mnyoaji, hata kama ni mara ya mwisho. Nikawauliza wazee, "Katika kilio, kichwa cha kwanza ni cha nani?"

Walitazamana. "Cha mama," alisema yule mkubwa wao.

"Nani amemnyoa mama yake Sefu?"

Wazee waliinamiana wakanong'ona, kisha yule mkubwa akamwambia akida kwamba ni kweli, mke hatangulii mama, na kilio kisichoanza na mama hakijakaa. Nilivuta pumzi. Lakini Semboja hakuwa mjinga.

"Basi jambo ni dogo," alisema. "Mama yupo, mnyoaji yupo na kikapu chake. Amnyoe hapa hapa, tumalize, tusiwachoshe wakubwa."

Nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimeutoa mzigo kichwani mwa Mwanaidi nikamtwika bibi kizee aliyetembea siku mbili. Akida akamuuliza, "Mama, unasemaje?"

Bi Mwanamvua aliinuka polepole, akiegemea mkono mmoja gotini. Semboja akakimbia kumwekea kigoda mbele yangu, akamshika bega akamketisha, kwa upole kabisa, kwa kuwa alikuwa anampenda mama yake. Bibi alinipa kisogo. Akafungua kaniki ikamwangukia mabegani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, laini, zimesimama ovyo, na nilivyozitazama nikajua hazijaguswa na mtu tangu Sefu aondoke.

Mwanaidi alifunika uso kwa viganja. Nilitoa wembe, nikalowesha mkono, maji yakamdondokea shingoni. Mnyoaji lazima aulize kabla ya kugusa, hata kwenye kilio. Nikauliza.

"Mama, nikunyoe?"

"Nani amekwambia uninyoe?" alisema. "Rudisha huo wembe. Toa chanuo, unisuke."

Semboja akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Mama," alisema, "kaka amekufa."

"Pengine," Bi Mwanamvua alimjibu. "Lakini mimi ndiye niliyemzaa, na sijaambiwa. Suka, mwanangu."

Nilisuka. Nywele za mzee hazishiki, zinateleza vidoleni kama maji, na sikuwa na mafuta. Mwanaidi aliinuka bila kuitwa, akaja akaketi pembeni yetu, akawa ananishikia njia moja ninapoanza nyingine. Hakunitazama. Akida aliamua kwamba shauri limefungwa mpaka siku mama atakapokubali wembe, akaenda kula. Wazee wakaondoka mmoja mmoja. Semboja alibaki mpaka mwisho, amekaa ukingoni mwa baraza, analia kimya, na nadhani siku ile ndiyo aliyomlilia kaka yake kwa mara ya kwanza.

Nusu ya vichwa vyangu vilinihama mwaka ule, na sikuwalaumu. Mwanaidi hakusema nami kwa miezi mitatu. Siku nywele zake zilipofikia urefu wa kushikika, alikuja akaketi mbele yangu bila salamu, akasema, "Usivute sana." Sikuvuta.

Bi Mwanamvua hakurudi Handeni. Alikaa kwa Mwanaidi, na kila Ijumaa ya pili walikuja wote wawili, nikamsuka mama kwanza. Semboja alioa mwanamke wa Mombo, wakawa wanawaletea mahindi na kumwamkia Mwanaidi shemeji. Safari nyingi zilirudi kutoka bara, na kila iliporudi bibi yule aliomba kioo.

Sefu hakurudi. Bi Mwanamvua alifariki asubuhi moja ya masika, kichwa kimesukwa njia nane nilizomsuka juzi yake. Mwanaidi ndiye aliyekuja kuniita, na nilikwenda na ule wembe wa zamani, wa mhunzi. Tulipotoka kumwosha marehemu, Mwanaidi aliketi kwenye mkeka, akafungua kitambaa, akainamisha kichwa. Nikamuuliza kama inavyotakiwa kuulizwa.

"Ninyoe, Bi Zaina," alisema. "Kwa wote wawili."